Emajensi mbili, tumbo moja: huduma niliyopata baada ya ajali

Nyota 2 hospitali ya kwanza, nyota 4 ya pili, na majina ya zote mbili nabaki nayo mwenyewe maana sijaja kumchoma mtu, nimekuja kueleza huduma. Nianze na kitu ambacho ndugu zangu hawapendi wakinisikia nakisema: sidhani kama wale wa kwanza walikosea kutoliona tatizo la utumbo wangu usiku ule wa ajali ya gari. Hata ningekua mimi daktari nisingeliona. Nyota 3 nimewakata kwa kitu kingine kabisa, ntakifikia.

Nilikua siti ya nyuma, nimefunga mkanda, nimelala. Hapo kwenye kulala ndo penyewe. Ukisinzia kwenye gari unateleza kidogo kidogo, matako yanasogea mbele, na ule mkanda wa chini ambao kazi yake ni kukaa kwenye mifupa ya nyonga unapanda taratibu mpaka unakuja kutulia kwenye kitovu, sehemu ambayo haina mfupa wowote wa kuupokea. Gari ilivyogonga, mwili ukaenda mbele mkanda ukabaki. Uliniokoa, sibishi, bila huo ningetokea kwenye kioo, ila tumbo lilibanwa kati ya mkanda na uti wa mgongo kama mpira wa maji uliokanyagwa na kisigino. Na mkono wa kushoto ukavunjika karibu na kiganja.

Sasa huo mkono ndo ulioniponza. Emajensi ya kwanza walinipokea vizuri tu, sina ugomvi, ndani ya dakika chache nimepimwa presha, mapigo, nimepigwa eksirei ya kifua na ya mkono, nimechomwa sindano ya maumivu, na plasta waliyonifunga ilikua safi kabisa, mfupa umeunga umenyooka mpaka leo, kwa plasta peke yake nawapa 5. Kila aliyekuja kitandani alikua anakuja kuangalia mkono. Tumbo likaguswa mara moja, na daktari aligusa kwa mkono mmoja huku anaongea na nesi habari za plasta. Nilikua na mstari mwekundu umepita tumboni kutoka nyonga hii mpaka nyonga ile, upana kama wa vidole vitatu, umechubuka kwa juu. Nikamuonesha. "Hiyo alama ya mkanda kaka, itapotea yenyewe."

Itapotea kweli, ilishapotea. Ila baadae nimekuja kujua kwamba huo mstari ndo kitu ambacho madaktari wa majeruhi wanafundishwa kukitilia shaka, maana mtu mwenye alama ya mkanda tumboni ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na jeraha la utumbo kuliko mtu wa ajali ileile asiye na alama. Na wakishaiona wanaangalia mpaka mifupa ya mgongo wa chini, kwa sababu mkanda huohuo unaweza ukavunja pingili kwa kuikunja mbele. Mgongo wangu ulikua mzima, wala hakuna aliyeuangalia.

Wakanipitishia ultrasaundi. Hii nataka niieleze vizuri kwa sababu ndo iliyonidanganya mimi, sio wao. Jamaa akapaka jeli, akapitisha kile kidude sehemu nne, chini ya mbavu kulia, kushoto, juu karibu na moyo na chini kwenye kibofu, dakika mbili tatu kamaliza, "hakuna damu tumboni, uko sawa." Mi nikasikia "uko sawa" nikaisahau ile ya kwanza yote. Kumbe ile ultrasaundi ya emajensi inatafuta majimaji, yaani damu iliyomwagika, basi. Ini likipasuka au bandama likipasuka damu inamwagika nyingi inaonekana. Utumbo ukichanika kidogo, au ukipondeka tu bila kutoboka, hauna kitu cha kuonesha saa ile. Kipimo kilisema ukweli mtupu, mi ndo nilikiuliza swali ambalo hakikua kinajibu.

Masaa matatu baada ya ajali nikaruhusiwa. Na hapa ndo nyota 3 zilipokwenda. Karatasi ya kuruhusiwa ninayo mpaka leo, imeandikwa jina langu, umri, mfupa uliovunjika, dawa za maumivu mara tatu kwa siku, na mstari wa mwisho: "Kliniki ya mifupa baada ya wiki 2." Kuhusu tumbo hakuna hata herufi. Hakuna aliyeniambia rudi ukitapika, rudi tumbo likijaa, rudi ukipata homa. Mstari mmoja tu ungetosha, jamani, mstari mmoja! Mi nikaenda nyumbani najua kabisa nina mkono uliovunjika na tumbo zima.

Siku ya kwanza kila kitu kiliuma so sikushangaa, ajali ni ajali. Usiku wake nikaanza kwikwi ambazo haziishi, mke wangu anacheka, mi nacheka kwa kujishika tumbo. Siku ya pili chakula sikitaki, nikinywa maji yanakaa hapa juu kama yamegoma kushuka, tumbo limejaa kiasi suruali haifungi vizuri, na kitu ambacho sikukizingatia kabisa, sikua nimejamba tangu ajali. Nani anahesabu? Nikasema ni dawa za maumivu zinafunga choo, nikanywa ya kulainisha. Usifanye hivo. Usiku joto likapanda, natetemeka blanketi mbili. Alfajiri ya siku ya tatu nikaamka na maumivu ambayo siwezi kuyaelezea zaidi ya kusema yalibadilika sura, ya mwanzo yalikua mahali pamoja unaweza kupaonesha kwa kidole, haya yalienea tumbo zima na yakapanda mpaka begani, na tumbo likawa gumu kama ubao. Nikikohoa naona nyota. Nikilala natulia bila hata kusogeza goti napata nafuu kidogo. Gari ilivyokua inapita kwenye matuta njiani kwenda hospitali nilikua nalia kwa sauti, mtu mzima mimi.

Hospitali ya pili sasa. Mlango wa emajensi umechakaa, viti vya kusubiria viwili vimevunjika, kwa macho ungesema ile ya kwanza ndo bora. Nesi wa mapokezi, mama mtu mzima, hata sijakaa akaniangalia ninavyotembea, nimejikunja mkono mmoja tumboni mwingine kwenye plasta, akauliza maswali matatu mfululizo. "Ulipata ajali lini baba? Ulifunga mkanda? Umejamba lini mara ya mwisho?" Nikamwambia mama sikumbuki. Akageuka akamwita daktari palepale, hakuniambia nipange foleni. Huyo mama nyota zote 4 ni zake nyingine ni nyongeza.

Mapigo 128, homa 39. Dripu mikono... samahani, mkono mmoja, mwingine una plasta. Antibayotiki kwenye mshipa kabla hata ya picha. CT skani yenye dawa ya rangi ikaonesha hewa nje ya utumbo na majimaji mengi kati ya matumbo, na ini, bandama, figo zote nzima. Daktari wa upasuaji akanionesha picha kwenye kompyuta, vidoa vyeusi vidogo chini ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, akasema hewa ile haitakiwi kuwa pale, ikionekana pale kuna kitu kimetoboka. Nikaweka dole gumba kwenye fomu maana kalamu sikuweza kushika vizuri kwa kutetemeka, nikapigwa nusu kaputi.

Alichokikuta alinieleza siku ya pili yake, na alinieleza kwa kukaa kitandani, sio kwa kusimama mlangoni. Utumbo mwembamba umening'inia kwenye utando kama pazia, na mishipa ya damu ya kuulisha inapita ndani ya hilo pazia. Utumbo wenyewe uko huru unacheza, lakini una sehemu mbili umeshikiliwa, mwanzoni kabisa karibu na pale unapoanzia baada ya duodeni, yaani kile kipande kifupi kinachopokea chakula kutoka tumboni, na mwishoni unapoingilia utumbo mpana. Ukibanwa na kuvutwa ghafla, panapochanika sana ni karibu na hizo sehemu zilizoshikwa, maana kwingine kunafuata na hapo panakatalia. Au unabanwa huku na huku kwa pamoja, kilichomo ndani kinakosa pa kwenda, unapasuka kama mfuko. Mimi haukupasuka. Mimi pazia ndo lilichanika, kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba kikaachana na mishipa yake, kikabaki kinaning'inia kama mkono wa ndoo. Usiku wa ajali kilikua bado kizima, hakina tundu, hakivuji kitu, ila hakina damu. Kikaanza kufa taratibu siku ya kwanza, siku ya pili kimekua cheusi, siku ya tatu kikatoboka na uchafu ukamwagika tumboni. Alikata sentimita 25, akaunganisha ncha mbili, akaosha tumbo kwa malita ya maji ya chumvi mpaka yakatoka meupe.

Ndo maana nasema wale wa kwanza hawakukosea kutoliona. Tundu halikuwepo! Angekuja profesa wa maprofesa na ultrasaundi yake asingeliona tundu ambalo halijazaliwa. Hata CT skani yenyewe, ambayo ndo kipimo kizuri kuliko vyote kwa hili, kuna majeraha ya utumbo inayapita, hasa ikipigwa mapema sana. Daktari aliniambia kitu kinachowanyima usingizi wao ni picha yenye majimaji tumboni halafu ini zima, bandama zima, yaani maji yapo na mwenye maji haonekani. Hapo huwezi ukamwambia mtu nenda nyumbani. Unamlaza, unarudi kumgusa, unarudi tena.

Na majeraha haya sio mengi, katika watu waliopigwa au kubanwa tumbo bila kutobolewa ni wachache, mmoja mpaka watano hivi kwa mia wanakuwa na jeraha la utumbo au pazia lake. Uchache huo ndo ubaya wake, daktari wa emajensi anaweza kukaa miezi hajakutana nalo. Ila muda hauna huruma nalo kabisa. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2000 waliofuatilia wagonjwa wa utumbo mwembamba uliotoboka hivi, waliofanyiwa upasuaji ndani ya masaa 8 walikufa kama 2 kwa mia, waliopitisha masaa 24 wakafa kama 31 kwa mia. Nilivyosoma hiyo nikaweka simu chini nikaenda nje kupunga upepo. Mi nilikua na siku tatu, japo sijui nianzie kuhesabu wapi, kwenye ajali au kwenye tundu.

Kilichonifanya nielewe huduma hasa ni ipi ni kijana wa kitanda cha pembeni. Aliletwa siku yangu ya tatu wodini, kaanguka na baiskeli, usukani umegeuka ncha ya kishikio ikamchoma chini ya mbavu. Ngozi haijachanika, alama ya duara tu, ndogo kama kifuniko cha chupa, CT skani safi. Kijana mwenyewe anataka kuondoka, anasema dokta mi niko freshi, hadi anavaa viatu. Daktari akamwambia mdogo wangu lala hapa mpaka kesho, usile kitu. Basi nikawa naangalia, sina kazi nyingine. Kila baada ya masaa manne anakuja daktari yuleyule, sio mwingine, anapasha viganja kwa kuvisugua, anaanza mbali na panapouma, anabonyeza pole pole pembe nne za tumbo huku anamwangalia usoni, haangalii tumbo, anaangalia uso. Anaandika saa na alichokikuta kwenye karatasi iliyobandikwa miguuni mwa kitanda. Saa mbili usiku laini. Saa sita laini, panauma kidogo. Saa kumi alfajiri akabonyeza, kijana akakunja uso kabla hajasema chochote, na mapigo yalikua yametoka 80 na kitu yamefika 110. Damu ikachukuliwa, seli nyeupe zimepanda, skani ikarudiwa, asubuhi yuko thieta. Tundu dogo, likashonwa, hakukatwa hata sentimita moja. Alitoka hospitali kabla yangu, ananipungia mkono na viatu vyake vilevile.

Sasa linganisha. Mashine ni zilezile, ya kwanza walikua nazo na pengine nzuri zaidi. Yeye kapata mikono ya mtu mmoja iliyorudi mara tatu usiku mmoja, mi nilipata mkono mmoja mara moja. Nilimuuliza daktari kama zile dawa za maumivu za mwanzo ndo zilinificha, maana watu wengi waliniambia hivo, akasema hapana, mgonjwa apewe dawa ya maumivu, hakuna sababu ya kumwacha anateseka, mtu akifuatiliwa tumbo lililoharibika litajionesha tu. Wanaoogopesha ni wale ambao hata uso hausomeki, amelewa, amegonga kichwa, hana fahamu, au ana jeraha jingine linalouma kuliko yote. Akaangalia plasta yangu akatabasamu.

Wodini sina mengi. Mrija wa puani unaoshuka mpaka tumboni ni adhabu, koo lilikua kama limekwanguliwa, ila siku wakiutoa ndo unaelewa ulikua unafanya kazi gani. Kidonda kiliingia usaha siku ya sita wakafungua nyuzi tatu, kikasafishwa kila siku, walinionya mapema kwamba tumbo lililochafuka huwa hivo. Na kila asubuhi raundi nzima, madaktari sita na wanafunzi wao, wanasimama kitandani na swali moja tu: umejamba? Siku ya tano nikajamba saa tisa usiku nikamwamsha nesi kumwambia. Akaandika kwenye faili. Sijawahi kupongezwa hivo hata siku ya harusi.

Nyota moja niliyowanyima ni kwa ajili ya mke wangu. Alikaa nje ya thieta masaa manne na nusu, hakuna mtu aliyetoka kumwambia lolote, na mtu wa kwanza aliyefungua mlango alikua mfagizi. Alimuuliza mfagizi kama niko hai. Mfagizi wa watu akarudi ndani kuuliza, akaja kumjibu. Hilo sijalisamehe bado.

Kule kwa kwanza nilirudi na karatasi yao baada ya miezi miwili, nikakaa na msimamizi wa emajensi. Hakunijibu vibaya. Alisoma karatasi mara mbili, akaniuliza alama ya mkanda iliandikwa wapi, nikamwambia haikuandikwa. Akanyamaza. Akasema atalipeleka kwenye kikao chao. Sijui kama alilipeleka, nyota zinabaki 2 mpaka nione mtu katoka pale na karatasi inayotaja tumbo.

Wa pili karatasi yao ya kuruhusiwa ilikua kurasa mbili, kwa mkono, na imeandikwa kabisa kwamba hata baada ya wiki kadhaa utumbo uliopondeka unaweza ukapona kwa kovu ukawa mwembamba, au makovu ya upasuaji yakaukunja, so nikipata msokoto wa tumbo unaokuja na kuondoka, tumbo kujaa, kutapika, nisisubiri kliniki. Wiki ya sita usiku wa manane nikapata msokoto. Nikaenda nikiwa na aibu, maana njiani ulikua umeshaanza kutulia, nikajua naenda kuchekwa. Yule mama wa mapokezi alikua zamu. "Umejamba baba?" Nikamwambia ndio mama, hapo getini. Akacheka, lakini daktari akamwita hivohivo. Daktari akasugua viganja, akaanza mbali na panapouma, akabonyeza pembe nne huku ananiangalia usoni, akaandika saa. Akaniambia kaa hapo kwenye benchi, narudi baada ya masaa mawili. Akarudi.